Mtoto Mwepesi wa Hasira: Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco

Jina la Don Bosco mmelisikia. Mwaka 1911 Mapadri Wasalesiani, wana wake wa kiroho, walifika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, na tangu hapo jina hilo limetajwa katika shule na makanisa ya Katanga. Katika picha zake twaona padri mwenye uso wa furaha, amezungukwa na watoto. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani kwamba alizaliwa mpole. Sivyo.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Torino, nchi ya Italia. Hajatimiza miaka miwili, baba yake akafa. Mama yake, Margherita, akabaki na watoto watatu: Yohane, Giuseppe, na Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu, aliyemzidi Yohane kwa miaka saba.

Yohane alipokuwa na miaka 9 hivi, aliota yumo katikati ya watoto wengi, na baadhi yao wakitukana jina la Mungu. Mara akawarukia kwa ngumi. Ndipo mtu mwenye heshima kuu akamwonya kwamba watoto hao atawapata kwa upole, si kwa mapigo. Ndoto aliikumbuka, lakini ngumi hazikulala upesi.

Nyumbani Antonio alishika jembe. Kila alipomwona mdogo wake na kitabu, wivu ulimla moyo. Siku moja akajisifu kwamba yeye amekua na kupata nguvu bila kitabu cho chote. Yohane akamjibu kwamba hata punda wao hakusoma, naye ni mkubwa kuliko Antonio. Kisha akatoka mbio, maana alijua kipigo kinakuja! Mwenye wivu ndiye aliyeanza, lakini mwenye ulimi mkali alitia kuni motoni. Ugomvi ukazidi hata Margherita akalazimika kumtuma Yohane, mtoto wa miaka 12 hivi, kutumika katika shamba la watu wengine.

Mwaka 1831 aliingia shule ya mji wa Chieri. Huko alipata rafiki, Luigi Comollo, mdogo kwake kwa miaka miwili, tena dhaifu wa mwili. Wanafunzi wakorofi walimpiga Luigi makofi, naye akawasamehe. Siku nyingine wakamwonea tena, Yohane akiwapo. Yohane akawaka. Kwa kuwa hakuona fimbo wala kiti karibu, alimkamata mwanafunzi mmoja mabegani, akamfanya rungu la kuwapigia wenzake! Wanne wakaanguka, wengine wakakimbia, na mwalimu alipoingia aliona mikono na miguu hewani.

Yohane alimtetea rafiki yake. Bila shaka alitazamia shukrani. Luigi hakumshukuru. Alipompata faraghani, alimwambia kwamba Mungu hakumpa nguvu zile ili awaumize wenzake. Angalieni, hakumwonya mbele ya watu. Mtoto akikemewa mbele ya darasa huona haya, na haya huzaa hasira nyingine; mimi mwalimu nimeliona hilo mara nyingi. Yohane, mwenye nguvu, akakubali kuongozwa na yule dhaifu. Luigi alikufa mwaka 1839.

Yohane alipata upadri tarehe 5 Juni 1841. Huko Torino aliwakusanya vijana maskini, na mwaka 1846 akapata mahali pa kukaa nao, Valdocco. Mama Margherita akaja kuwapikia na kuwashonea. Don Bosco hakutaka fimbo itawale. Aliwataka mapadri na walimu wacheze na watoto uwanjani, ili ugomvi uonekane ungali mdogo. Alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934.

Mwaka 1854 alimpokea mtoto wa miaka 12, Domenico Savio, ambaye naye sasa ni mtakatifu. Wanafunzi wawili walikuwa wametukaniana jamaa zao, wakaagana kupigana kwa mawe. Domenico aliwafuata hata mahali pa vita, akasimama katikati na msalaba mkononi, akamtaka kila mmoja ampige yeye jiwe la kwanza. Mawe yakaanguka chini. Domenico hakumsimulia mtu. Habari hii ilijulikana kwa sababu wale wawili wenyewe waliieleza.