Wangila: Dhahabu ya Seoul, mauti ya Las Vegas

ROBERT Napunyi Wangila ndiye Mkenya wa kwanza, na hadi leo wa pekee, kutwaa nishani ya dhahabu katika ndondi za Olimpiki. Hata hivyo, mchezo uliompa sifa ndio uliomuua angali kijana wa miaka 26.

Wangila alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Jiji hilo lilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, alinyakua dhahabu ya uzani wa welta mbele ya mashabiki wa nyumbani.

Mwaka uliofuata alielekea Seoul, Korea Kusini. Olimpiki hiyo ndiyo iliyoingiza mpira wa meza kwa mara ya kwanza, lakini Wakenya wanaikumbuka kwa mbio na makonde. Katika fainali, Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Kenya ilirejea na dhahabu tano. Nne zilitokana na riadha, na ya tano ilikuwa yake. Mwenzake, Chris Sande, alipata shaba ya uzani wa kati.

Philip Waruinge alikuwa amepata shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972. Kilichomponyoka Waruinge, Wangila alikipata.

Lakini nishani haimlishi bondia. Mwaka 1989 aligeukia ndondi za kulipwa nchini Marekani, ambako alishinda mapigano 22 na kushindwa matano. La mwisho lilikuwa Julai 22, 1994, jijini Las Vegas, dhidi ya David Gonzales. Refa alilisimamisha katika raundi ya tisa, naye Wangila akapinga uamuzi huo. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia mavazi, asizinduke tena. Alifariki Julai 24.

Hata maiti yake haikupumzika upesi. Mzozo ulizuka iwapo marehemu alikuwa amesilimu, na azikwe kwa taratibu za dini gani, ukafika mahakamani.

Katika mitaa kama Kisumu Ndogo, Kibera, ambako meza na ukumbi wa mpira wa meza ni anasa, ndondi huhitaji glavu na kocha tu. Maisha ya Wangila yaonyesha jinsi umaskini usivyozuia dhahabu. Kifo chake chauliza nani humlinda bondia baada ya wimbo wa taifa kunyamaza.