Khabari za Sayyid Barghash bin Said na Maji ya Unguja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo: hizi ni khabari za Sayyid Barghash bin Said bin Sultan, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, zimeandikwa kwa ndugu zetu wa pwani, na kwa wale waliokaa mbali bara, hata Mabawe katika nchi ya Ngara.

Sayyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake, Sayyid Said, alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Naye akatamani ufalme, walakini ukamwangukia nduguye Sayyid Majid. Mwaka 1859 akaondoka kwa upanga, akajifungia na wafuasi wake katika shamba la Marseille. Majid akawaomba Waingereza msaada, wakaja na askari wa manowari zao, na Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay akae huko uhamishoni.

Ewe msomaji, liweke moyoni jambo hili, maana mtu aliyepigwa na mizinga ya kigeni ana udhuru mkubwa wa kuchukia kila kitokacho kwa wageni hao. Lakini Bombay alikokaa ilikuwa mji wa watu wengi na maji mabaya, na mwaka 1860, naye yumo humo, maji ya ziwa la Vihar yakaletwa mjini kwa mabomba ya chuma. Jambo kubwa namna hii halikuweza kumpita mtu mwenye macho kama yake. Baada ya kiasi cha miaka miwili akaruhusiwa kurudi kwao.

Katika mwaka 1286 wa Hijra, nao ni 1869 kwa hesabu ya Kizungu, kipindupindu kikaingia Unguja. Haikuwa mara ya kwanza, lakini mara hii kiliua maelfu. Mtu aliswali alfajiri akiwa mzima, akaswaliwa yeye jioni. Mji wa siku zile ulikunywa maji ya visima vifupi, vilivyochimbwa kati ya nyumba, na makaburi, na vyoo. Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, alilalamika sana juu ya uvundo wa pwani yake, wala hakusema uwongo.

Alikuwapo Unguja tabibu wa Scotland, jina lake James Christie. Huyu aliuliza wenye misafara, Waarabu na Waswahili, kila mmoja amekutana na maradhi wapi na lini, akafuata nyayo zake toka nchi za kaskazini, zikapita kwa Wamasai, zikashuka Pangani, zikavuka hata Unguja. Aliyoyakusanya yalipigwa chapa mwaka 1876. Elimu ile ilikuwa ya tabibu, na ushahidi ulikuwa wa Waislamu waliosafiri. Na kabla ya hapo, mwaka 1854, John Snow wa London alikwisha kuonyesha, kwa kuhesabu wafu nyumba kwa nyumba, ya kuwa maradhi haya hupitia katika maji.

Watu waligawanyika, kama wanavyogawanyika katika kila wabaa. Wako waliosema ajali imekwisha kuandikwa, basi kujihadhari kuna faida gani? Na wako waliokimbia ovyo, wakaeneza maradhi vijijini. Wote wawili waliacha mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ambaye alikataza kuingia nchi yenye tauni na akakataza kuitoka kwa kuikimbia. Sayyidna Omar alipofika Sargh, akaambiwa Sham kuna tauni, aliwarudisha watu wake. Na alipolaumiwa kuwa anaikimbia kadari, alijibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Na anayekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi wa akhera, walakini huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa. Ikiwa kumwosha kwahofiwa kumdhuru mwoshaji, wanavyuoni wa madhehebu yetu walikwisha kuandika zamani kuwa atatayamamishwa. Hukumu hii si ya vitabuni tu: mwezi wa Januari 2025 maradhi ya Marburg yalitangazwa wilaya ya Biharamulo, jirani ya Ngara, na maradhi hayo humshika mwenye kugusa majimaji ya mgonjwa na ya maiti.

Sayyid Majid akafariki mwezi wa Rajabu 1287, Barghash akakaa katika kiti cha enzi. Waliomwunga mkono zaidi walikuwa wanavyuoni wa Kiibadhi, madhehebu yake mwenyewe, watu wakali wa dini wasiowataka wageni. Na mlangoni mwake alisimama balozi wa Kiingereza, John Kirk, naye kwa elimu yake ni tabibu. Mwaka 1872 tufani ikavunja mji, na vyombo, na mikarafuu. Mwaka 1873 akatiwa katika dhiki kwa tishio la manowari hata akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Na soko lile, haki isemwe, halikustahili kuliliwa.

Mtu mwingine angalisema: hawa walionishika mkono kwa nguvu, sitaki hata maji yao. Barghash alitenga mambo mawili. Ugomvi wa dola ni ugomvi wa dola, na ujuzi wa maji ni ujuzi wa maji. Bwana wetu Mtume mwenyewe, katika usiku wa Hijra, alimkodi Abdullahi bin Uraiqit kuwa kiongozi wa njia, naye hakuwa Muislamu, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na aliijua njia. Mwaka 1875 Barghash akaenda London, akaona mengi. Na katika utawala wake akatoa mali yake kuleta maji kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, upande wa kaskazini, watu wakateka bila ya malipo. Akajenga na hamamu mjini, na mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib. Akaweka pia mtambo wa chapa, vikapigwa humo vitabu vya dini vya Kiibadhi. Hakuona kuwa bomba la chuma na kitabu cha fiqhi vinagombana.

Kazi ya mabomba yake haikungoja hata wataalamu wamalize hoja zao. Ni mwaka 1884 ndipo Robert Koch alipokitambulisha kwa watu kijidudu cha kipindupindu, baada ya kukitafuta Misri na Calcutta; naye ndiye yule aliyefika Ziwa Viktoria mwaka 1906 kwa ajili ya maradhi ya malale.

Miaka ya mwisho ilikuwa michungu. Wadachi wakachukua nchi za bara kwa karatasi, na mwili wake ukadhoofika kwa maradhi ya kifua. Akafanya kama wafanyavyo wagonjwa wenye akili: akaomba dua, akatafuta matabibu, akasafiri Oman kutafuta hewa njema. Dawa haikumfaa. Akarejea Unguja, na muda mfupi baada ya kushuka, mwezi wa Rajabu 1305, yaani Machi 1888, akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Akazikwa Unguja karibu na baba yake, akatawala baada yake nduguye, Sayyid Khalifa bin Said.