Kuijua Nafsi Kabla ya Kuongoza Watu: Maisha ya Tom Mboya

Ndugu zetu wasomaji, wengi hudhani kwamba uongozi ni ufasaha wa ulimi na wepesi wa akili. Sisi twaona kuwa hivyo ni vyombo tu, na mwenye kuvitumia ni nafsi. Na nafsi isiyojijua humpoteza mwenyewe pamoja na wamfuatao. Kwa ajili hiyo tumeyachagua maisha ya Tom Mboya. Hakuwa wa dini yetu, lakini wakaazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi walimpa kura zao, na wachukuzi wa bandari ya Mombasa waliuonja msaada wake.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la makonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi. Alisomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu moja katika tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Siku moja bibi wa Kizungu aliingia chumbani alimokuwamo Mboya peke yake, akauliza kama pana mtu. Mboya hakunywea, alimwuliza kama macho yake yana kasoro. Ajuaye thamani yake hangoji kupimiwa na mwingine.

Lakini kuijua nafsi ni kujua na upungufu wake, na huu ndio mlango mgumu. Mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, naye ana miaka 23. Machi 1955 wachukuzi wa Mombasa walipogoma, alikwenda kuwasemea. Wakarejea kazini, na baraza la usuluhishi likawaongezea ujira kwa kadiri ya theluthi moja. Jina lake likavuma pwani na bara. Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye mwishoni mwa mwaka huo huo alikwenda kukaa kitako kama mwanafunzi katika Ruskin College, Oxford, kwa kuwa alijua kwamba kipaji hakimtoshi. Aliporejea, mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Hatusemi kwamba alitimia. Mwaka 1958 Oginga Odinga alipotamka barazani kwamba Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye kiongozi, Mboya alisitasita. Wenzake wengine walimlaumu kwa kiburi. Hata hivyo, KANU ilipoundwa mwaka 1960, alishika ukatibu mkuu, na kiti cha juu kikashikwa na James Gichuru kwa kumngojea Kenyatta. Mwaka 1961 alishinda Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi hawakuwa wa kabila lake.

Aliuawa kwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katikati ya Nairobi, naye hajatimiza miaka 39.

Basi yeyote miongoni mwetu atakaye kuongoza msikiti, madrasa au chama, na aihasibu nafsi yake kabla ya kulala: nina nini, nimepungukiwa na nini, na ni nani anishindaye katika jambo hili? Asiyethubutu kujiuliza hayo, ufasaha wake ni hatari kwa watu. Mwenyezi Mungu atuonyeshe aibu zetu kabla hatujaonyeshwa na wengine. Amin.