Barbara McClintock, mtafiti wa mahindi aliyeonyesha nukleoli inakotoka

Msikilizaji, ukiipasua mbelewele ya muhindi kabla haijachomoza juu ya majani, utakuta ndani vifuko vidogo laini vyenye chavua changa. Mkulima hana kazi navyo. Lakini Barbara McClintock, mtafiti wa Marekani aliyefariki mwaka 1992, alivitumia vifuko hivyo kujibu swali lililokuwa limewashinda wataalamu kwa miaka 150.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 katika mji wa Hartford. Mwanzoni aliitwa Eleanor, lakini wazazi wake wakaona jina hilo ni la upole mno kwa mtoto wa tabia yake, wakambadilisha. Alipomaliza shule, mama yake hakutaka aende chuo kikuu, akihofu kwamba msichana mwenye elimu kubwa hataolewa. Baba yake, aliyekuwa daktari, aliporudi kutoka vitani Ulaya alikata shauri aende. Mwaka 1919 Barbara akaingia chuo cha kilimo cha Cornell, na mwaka 1927 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya mimea. Kweli hakuolewa, ila hatujasikia popote kwamba alijuta.

Tueleze kidogo kabla ya kuendelea. Mwili wa kila kiumbe, uwe muhindi, mbuzi au wewe, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi kutoka kwa wazazi. Humo humo kwenye kiini kuna tone la mviringo, zito kuliko vinavyolizunguka. Waliowahi kutazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini shuleni huenda walililiona wakadhani ni uchafu. Hilo ndilo nukleoli. Mwitaliano Felice Fontana aliliandika mwaka 1781, baada ya kutazama utelezi wa ngozi ya mkunga. Waliomfuata waligundua pia kwamba seli inapojigawa, tone hilo hutoweka, kisha hurudi katika seli mpya. Linarudije? Nani analiunda?

McClintock alikuwa na mkono wa pekee wa kazi hii. Alikuwa akiponda chavua changa juu ya kioo, akaitia rangi nyekundu, na kukaa kwenye hadubini kwa saa nyingi. Ndiye aliyeziainisha kromosomu 10 za muhindi na kuzipa namba, ya 1 ikiwa ndefu kuliko zote. Akaona kwamba ile ya 6 daima imeshikamana na nukleoli, mahali palepale, karibu na ncha yake moja.

Mwaka 1931 alikwenda California, katika chuo ambacho wakati ule hakikupokea wanafunzi wa kike. Huko alichunguza mahindi ambayo kromosomu yake ya 6 ilikuwa imekatika na kubadilishana vipande na ya 9. Kwa bahati njema, mkato ulikuwa umepita katikati ya pale nukleoli inaposhikamania. Basi fikiria: kama nukleoli ingekuwa inanata hapo tu kama kupe kwenye ng'ombe, mkato huo usingeleta lolote jipya. Lakini McClintock aliona nukleoli mbili, moja kwenye kila kipande. Kipande kimoja kilikuwa na nguvu zaidi, kikijenga nukleoli kubwa na mwenzake ndogo. Na katika chembe za chavua zilizokosa kabisa sehemu hiyo, kulikuwa na vitone vidogo vidogo vimetapakaa ndani ya kiini bila kukusanyika. Kwa hiyo sehemu ile ya kromosomu ndiyo inayoipanga nukleoli. Akaiita hivyo: kipangaji cha nukleoli.

Mwaka 1933 alipata ufadhili akaenda Ujerumani. Ulikuwa mwaka ambao Hitler alishika madaraka, na wanasayansi Wayahudi walikuwa wakifukuzwa vyuoni. Hali ilimwelemea, akarudi nyumbani mapema, mwaka 1934. Mwaka huohuo utafiti wake wa nukleoli ukachapishwa katika jarida la Ujerumani. Alikuwa na miaka 32, anajulikana kote kwa wataalamu wa mahindi, na hakuwa na kazi ya kudumu. Wanaume aliosoma nao walikuwa wakipewa vyeo vya ualimu. Yeye aliishi kwa misaada ya muda hadi mwaka 1936, chuo cha Missouri kilipomwajiri. Hata huko aliona hana mustakabali, akaondoka mwaka 1941 kwenda kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, New York. Huko alipata shamba lake la mahindi na kubaki hadi mwisho.

Alijua nukleoli inapangwa wapi, ila ina kazi gani hakuna aliyejua. Jibu lilikuja miaka 30 baadaye, tena kupitia chura wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1964 Donald Brown na John Gurdon walichunguza viluwiluwi waliozaliwa bila nukleoli, wakakuta hawawezi kutengeneza ribosomu mpya. Ribosomu ni mashine ndogo sana zinazojenga protini zote za mwili. Viluwiluwi hao waliishi siku chache kwa ribosomu walizowekewa na mama yao ndani ya yai, na zilipowaishia, wakafa.

Kwa lugha ya kijijini, kama ribosomu ni mashine ya kusaga, nukleoli ni karakana inapoundwa. Sehemu kuu za mashine hutengenezwa palepale, kwa maelekezo yaliyomo katika kipangaji. Protini zake huletwa kutoka nje ya kiini, zinaunganishwa, kisha mashine hutoka nje ikiwa vipande viwili vinavyokutana kazini. Seli inayokua kwa kasi inahitaji mashine nyingi, na ndiyo maana seli za saratani mara nyingi huwa na nukleoli kubwa kupita kawaida. Madaktari wanaochunguza vipande vya uvimbe huliangalia jambo hilo.

McClintock alipata Tuzo ya Nobel Oktoba 1983, akiwa na miaka 81. Haikuwa kwa ajili ya nukleoli, bali kwa ugunduzi wake mwingine kwenye mahindi hayohayo: jeni zinazohama kutoka mahali hadi mahali, jambo ambalo wenzake wengi hawakulielewa alipolieleza mwaka 1951. Nyumbani hakuwa na simu. Habari za tuzo alizisikia redioni, na sisi watu wa redio hatuchoki kulisimulia hilo. Alifariki tarehe 2 Septemba 1992, akiwa na miaka 90. Sehemu ile ya kromosomu ya 6 wataalamu bado wanaiita kwa jina alilolitoa yeye.