H. G. Wells: Mtoto wa duka aliyepigana vita vya sakafuni

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni hapa Kampala akiwa amekunja uso. Ni mfanyabiashara wa Arua Park, mtu wa kupakia mizigo jioni na kulala safarini hadi Vurra, kisha kuvuka nayo kuingia Kongo. Alikuwa amesikia kwamba kila Jumamosi asubuhi nawakusanya watoto kuzunguka meza, vifuniko vya soda vikiwa askari, na dadu za ludo zikiamua nani apone na nani afe. Aliniuliza kwa adabu, lakini kwa uchungu, iwapo sisi tuliokimbia bunduki ndio tunaopaswa kuwafundisha watoto wetu vita.

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia Mzee, nipe muda kidogo. Nilipotafakari niliona kwamba jibu langu limo ndani ya maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, na nimeonelea niyaandike hapa, kwani wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa njia ile ile: waliorudi nyumbani, na wanaovuka mpaka kila wiki kutafuta riziki.

Mimi mwenyewe nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama mwaka 1980, vita vilipoingia West Nile. Shule ya msingi na ya sekondari niliisoma Bunia, nchi ikiitwa bado Zaire, kwa Kifaransa na Kiswahili. Huko ndiko kilikonifikia kitabu kisichokuwa na jalada, chenye kisa cha viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza. Nilikisoma mara tatu bila kujua mwandishi wake ni nani. Baada ya kurudi Uganda ndipo nilipolijua jina lake: Herbert George Wells.

Kutoka dukani hadi darasani

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 huko Bromley, kusini mwa Uingereza. Nyumbani walimwita Bertie. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka dogo la sahani, vikombe na vifaa vya kriketi. Biashara ilikuwa mbaya, na kilichosaidia nyumba ni ujira alioupata mzee huyo kwa kucheza kriketi. Mama yake, Sarah, aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba za matajiri.

Mwaka 1874 mtoto huyo alivunjika mguu. Akiwa kitandani baba yake alimletea vitabu, na hapo ndipo alipoonja utamu wa kusoma. Miaka 3 baadaye baba naye alivunjika paja, na fedha ya kriketi ikakatika. Mama akarudi utumishini katika jumba la Uppark, na Bertie akapelekwa kujifunza kazi katika maduka ya vitambaa.

Vijana wa Kikuubo na Owino wataielewa sehemu hii bila kuelezwa. Katika duka moja la Southsea alishinda kwa saa 13 kwa siku akifagia, akikunja vitambaa na kuwanyenyekea wateja, na usiku akilala bwenini na vibarua wenzake. Alivumilia karibu miaka 2. Mwaka 1883 alimsihi mama yake hadi akakubali avunje mkataba, ingawa fedha ilikuwa imeshalipwa. Akaenda Midhurst kuwa mwanafunzi na mwalimu msaidizi kwa wakati mmoja.

Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusoma sayansi London kwa msaada wa serikali, na mmoja wa waalimu wake alikuwa Thomas Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Hata hivyo aliondoka chuoni mwaka 1887 bila shahada. Alikwenda kufundisha Wales, na huko mchezaji mmoja akamwumiza figo katika mechi ya mpira. Alilala akitema damu, na watu wakadhani hatapona. Alipona, akaendelea kufundisha, na mwaka 1890 akaipata shahada yake ya elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha London. Kila ninapokutana na mwalimu aliyekata tamaa kwa sababu vyeti vyake vya uhamishoni havitambuliwi, humsimulia habari hiyo.

Mirihi na Bunyoro

Mwaka 1895 alitoa The Time Machine, kisa cha chombo cha kusafiria ndani ya wakati, na jina lake likavuma. Kisha zikaja hadithi za mtu asiyeonekana (1897), za uvamizi wa watu wa Mirihi (1898) na za safari ya mwezini (1901).

Tuitazame hiyo ya mwaka 1898, The War of the Worlds. Viumbe wa Mirihi wanatua karibu na London na mashine za miguu mitatu na mwali wa moto unaounguza kila kitu. Mizinga ya Waingereza haifui dafu. Mwanzoni kabisa mwa kitabu Wells anawakumbusha wananchi wenzake kwamba wao wenyewe waliwatendea hivyo watu wa Tasmania. Aliwageuzia kioo: leo ninyi ndio wakimbizi barabarani, mmebeba magodoro.

Msomaji wa Uganda hahitaji kwenda Tasmania. Kapteni Lugard alifika Kampala mwishoni mwa mwaka 1890 akiwa na bunduki ya Maxim, na mwaka 1892 ikanguruma Mengo. Mwaka 1894 Buganda iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1899, kitabu hicho kikiwa na umri wa mwaka mmoja, Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa, na hatimaye wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi, akafia Jinja mwaka 1923 kabla ya kuiona Bunyoro. Yeye ni mrejeaji ambaye hakufika nyumbani.

Lakini tusimpambe Wells kama bibi harusi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1901 aliandika maneno makali kuhusu watu weusi na mataifa mengine ambao, kwa maoni yake ya wakati ule, wasingekuwa na nafasi katika dunia ijayo. Ni maneno ya aibu, na wanafunzi wangu wakubwa huwaambia wazi. Miaka 4 baadaye, katika kitabu chake kuhusu dunia njema aliyoiota, aliushambulia ubaguzi wa rangi na kuuita upumbavu. Mtu anaweza kubadilika akiendelea kusoma.

Vita vidogo na vita vikubwa

Sasa tufike kwenye swali la yule mzazi. Wells alikuwa na watoto wawili wa kiume kwa mke wake wa pili, Amy Catherine, aliyemwita Jane. Alipenda kulala kifudifudi sakafuni pamoja nao, wakijenga miji na visiwa kwa vipande vya mbao. Mwaka 1911 aliandika kitabu kuhusu michezo hiyo, Floor Games. Mwaka 1913 akaongeza kingine, Little Wars, yaani vita vidogo.

Kabla yake maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wa vita wa kufundishia jeshi. Wells aliuleta mchezo wa namna hiyo sebuleni. Vijiaskari vya dukani vilipangwa sakafuni, vitabu na vibao vikawa milima na nyumba. Askari wa miguu alisogezwa futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2. Mzinga mdogo wa springi ulirusha kijiti cha kweli kuwaangusha maadui, lakini haukuruhusiwa kupiga bila askari 4 wa kuuhudumia. Alidhani huo ni mchezo wa wavulana hasa, na wasichana wachache. Angekuja Jumamosi moja kwetu angeona wasichana wanavyowapiga wavulana.

Watu wazima walimcheka kwa kutambaa sakafuni. Lakini mwishoni mwa kitabu hicho aliweka hoja yake: kwamba ukicheza vita vidogo mara chache tu, utagundua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi, maana sakafuni hakuna mwili unaovunjika wala mama anayelia. Alitaka wakubwa wenye hamu ya vita wafungiwe chumba kimoja na vijiaskari vyao, watuache sisi wengine na mashamba yetu.

Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vilikuja. Na Wells huyo huyo alishika kalamu kuviunga mkono, akiamini vitamaliza vita vyote. Havikumaliza. Katika Afrika Mashariki peke yake wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na njaa, wakibeba mizigo ya wenye ugomvi. Kosa hilo lilimsumbua Wells, na miaka iliyofuata aliitumia kutafuta namna ya kuiunganisha dunia.

Mchezo wake wa sakafuni haukufa. Wamarekani waliokulia katika michezo ya vijiaskari, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons. Ndani yake mchezaji haongozi jeshi. Anachukua nafasi ya mtu mmoja. Mmoja mezani husimulia, wengine huamua wahusika wao watafanya nini, na dadu hutoa hukumu. Gygax alikuja kuandika utangulizi wa toleo la mwaka 2004 la Little Wars. Mwaka 1988 Mmarekani mwingine, Frank Chadwick, alitoa Space: 1889, mchezo wa kuigiza uliochota kwa Wells na Jules Verne. Humo Waingereza wa zama za Malkia Victoria wanasafiri hadi Mirihi na kuweka makoloni huko.

Huo ndio mchezo nilioupunguza na kuutengeneza upya kwa kalamu, karatasi na vifuniko vya soda. Ila kwetu Waingereza si mashujaa. Watoto wangu ndio watu wa Mirihi.

Haki ya msafiri

Uzeeni Wells alikuwa mgonjwa wa kisukari, na mwaka 1934 alishiriki kuanzisha chama cha wagonjwa hao Uingereza. Mwaka 1933 Wanazi walikuwa wamechoma vitabu vyake. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 hakurudia kosa lake la 1914 la kushangilia. Aliuliza tunapigania nini. Akiwa na wenzake aliandaa orodha ya haki za kila mtu, akaichapisha mwaka 1940 katika kitabu cha bei nafuu, na orodha hiyo ikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Ni moja ya maandiko yaliyotangulia Tangazo la Kimataifa la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, ambalo ndani yake imo haki ya kutafuta hifadhi nchi nyingine na haki ya kurudi kwako.

Katika orodha ya Wells lilikuwamo jambo litakalowachekesha wafanyabiashara wa Busia, Mpondwe na Mutukula: kwamba mtu awe huru kutembea duniani kwa gharama zake mwenyewe. Gharama tunazijua. Uhuru ndio tunaoendelea kuusubiri foleni.

Wells hakuliona Tangazo hilo. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na miaka 79. Mwili wake ulichomwa na majivu yakamwagwa baharini.

Nilimsimulia yule mzazi mambo haya, kisha nikamwalika Jumamosi. Alikuja akasimama mlangoni. Mwanawe, mtoto wa miaka 11 asiyependa kusema darasani, alikuwa na vifuniko 7. Wenzake walipigana kugombea mji wa maboksi. Yeye, kama kawaida yake, alikuwa akivisogeza vifuniko vyake polepole kuelekea mstari wa chaki tulioupa jina la mpaka. Dadu ilipomkatalia alingoja zamu nyingine. Alipofikisha kifuniko cha mwisho ng'ambo alivihesabu vyote, akavipanga kwa ukubwa.

Mzazi akaniuliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyo kuhesabu watu baada ya kuvuka. Nilimjibu kwamba si mimi, na kwamba kabla ya kuanza kucheza hapa hajawahi kunisimulia lolote kuhusu safari yao. Alinyamaza kwa muda. Kisha akavuta benchi, akaketi kando ya mwanawe, akaomba apewe vifuniko na yeye.