Isaac Babbitt: Sonara aliyeziachia injini metali laini

GARI kuukuu linalokatiza nyanda za Garsen, ambako mafuriko ya Mto Tana huacha tope na kiangazi huligeuza vumbi, huumia kwanza mahali pasipoonekana: kwenye beringi za krenki. Punje ya mchanga ikipenya katika mafuta, ama itakwaruza chuma cha krenki, ambacho ni ghali, ama itazama ndani ya utando laini wa metali nyeupe, ambao waweza kubadilishwa. Chanzo cha utando huo ni Isaac Babbitt.

Alizaliwa Taunton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwaka wa 1799, akawa sonara. Mnamo 1824 alianza kutengeneza vyombo vya mezani vya metali ya Britannia. Biashara hiyo haikumlipa, na mwaka wa 1834 akahamia Boston, kwenye kiwanda cha kusubu mizinga.

Hataza aliyoipata Julai 1839 ina jambo la kushangaza kidogo. Ilihusu hasa kijumba cha kushikilia mhimili. Mchanganyiko wenyewe, sehemu 50 za bati, 5 za antimoni na 1 ya shaba, ulitajwa kwa kupitia tu. Hata hivyo, Bunge la Marekani lilimtunuku dola 20,000.

Babbitt hakumwondolea fundi kazi ngumu. Metali hiyo ikishamiminwa, sharti ichongwe hadi ibaki nafasi ya mafuta. Kwa krenki yenye kipenyo cha milimita 50, nafasi hiyo ni takriban milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Ikipungua, mafuta hayapiti, joto hupanda na metali huyeyuka. Ikizidi, shinikizo la mafuta hushuka na injini huanza kugonga. Mafundi wa magari kama Ford Model T walipaka krenki rangi ya buluu, wakaizungusha, wakakwangua kila palipoachwa alama, kisha wakaanza upya, huku wakiongeza au kupunguza vibati vyembamba chini ya kifuniko cha beringi. Aliyekosa subira aliirudia kazi yote baada ya safari fupi.

Babbitt mwenyewe hakuwahi kuliona gari. Baadaye alijitosa katika utengenezaji wa sabuni, akili ikamsumbua, na akafariki katika hospitali ya McLean ya wagonjwa wa akili, Somerville, Mei 1862, miaka 24 kabla ya Karl Benz kupata hataza ya gari lake.