Daktari wa moyo aliyeanza kwa unyozi

Hapa kwetu Shelly Beach nawasikia vijana waliomaliza kidato cha nne wakisema kuwa, maadamu sasa wananyoa watu vichwa au wanashona viatu, mambo yao yamekwisha. Nataka niwape habari za marehemu Daktari Daniel Hale Williams, Mmarekani mweusi aliyezipitia kazi hizo hizo.

Alizaliwa mwaka 1856 huko Pennsylvania. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto, akapelekwa Baltimore kujifunza ushonaji viatu. Hakuupenda, akauacha. Baadaye akawa kinyozi mjini Janesville, Wisconsin, huku akisoma. Hapo akajishikiza kwa Daktari Henry Palmer awe mwanafunzi wake, kisha akaenda Chicago kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 1883.

Wakati huo hospitali za Chicago zilikuwa na ubaguzi mkubwa. Msichana mweusi, Emma Reynolds, alinyimwa nafasi ya kusomea uuguzi kwa ajili ya rangi yake. Williams hakuishia kulalamika. Alikusanya michango kwa weusi na weupe, na mwaka 1891 akafungua Hospitali ya Provident pamoja na shule ya wauguzi. Emma akawa katika wanafunzi wa mwanzo.

Julai 1893 aliletwa James Cornish, amechomwa kisu kifuani. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, na madaktari wengi waliogopa kuukaribia moyo. Williams alimpasua kifua, akashona utando unaouzunguka moyo. Cornish alipona, akaishi miaka mingi. Ulikuwa miongoni mwa upasuaji wa kwanza wa aina hiyo duniani. Williams alifariki mwaka 1931.

Vijana wangu, nasaha ninayoipata katika maisha yake ni hii. Kazi ya mkono si aibu. Pesa yake yaweza kulipa karo. Mtafute anayejua zaidi yako, umkae karibu ujifunze. Na mkifungiwa mlango, changeni mfungue wenu, msimbague mtu.

Sisi wa Likoni tunajua tabu ya kuvuka feri na mgonjwa aliyezidiwa tukimkimbiza Makadara. Madaktari bingwa wa upande huu watatoka miongoni mwenu. Nasi wazazi, kijana akirudi kazini jioni akafungua kitabu, tusimcheke.